Kuuliza Bei Ng'ambo, Kuuliza Kazi Itetemia

Vijana wangu, nasikia mmepewa vishikwambi vyenye betri ya akiba, fulana za kola na kofia za kukinga jua. Hongereni sana. Sisi tulipewa kalamu, na utafiti ukiisha tulitakiwa kuirudisha. Mkuu wenu ameniomba niwaandikie maneno machache ya kuwatia moyo kabla hamjaingia mtaani. Nadhani alikuwa na haraka, maana mtu mwenye nafasi ya kufikiri asingenichagua mimi kumtia mtu yeyote moyo.

Kazi mnayoianza ndiyo niliyoifanya hapa Tabora mpaka nikastaafu. Kila mwezi niliingia sokoni Ng'ambo na kwenye maduka ya mjini kuuliza bei ya vitu vile vile, tunavyoviita kikapu cha bidhaa: unga, mchele, sukari, mafuta ya kula, mkaa, sabuni, kunyoa nywele. Bei hizo zinaunganishwa na za mikoa mingine, zinapikwa huko makao makuu, kisha redio inatangaza mfumuko wa bei umefika wapi. Na kila ulipokuja utafiti wa ajira, niliacha bei nikaenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana kazi na nani hana. Kwa hiyo nimelipwa mshahara wa umma kwa kuwauliza watu mambo mawili wasiyopenda kuulizwa: unauzaje, na siku hizi unafanya nini. Msishangae mkikuta mbwa wamefunguliwa.

Aliyenifundisha ni Mzee Kapaya, Mnyamwezi mfupi mwenye baiskeli ndefu, ambaye alikuwa akiuliza bei tangu mimi nikiwa shule. Siku ya kwanza alininyamazia makusudi. Nikavaa viatu vya kung'aa, nikabana faili kwapani, nikaingia sokoni kalamu ikiwa wazi kama mtu anayekwenda kukamata mwizi. Meza za mbele zikafunikwa turubai. Muuza nyanya akaniapia kwamba nyanya si zake, anamshikia mtu. Jirani yake akasema na yeye ndiye huyo mtu, ila na yeye anamshikia mtu mwingine. Kwa muda mfupi soko zima la Ng'ambo halikuwa na mwenyewe.

Mzee Kapaya alikuwa amekaa kwa muuza kahawa, anacheka mpaka kofia inamdondoka.

"Binti," aliniambia, "wamekuona wa kodi. Faili weka kwenye kapu. Salimia kwanza, nunua kitu kwa hela yako, halafu ndiyo uulize."

Basi nikajifunza kuanza na "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, nikanunua nyanya nilizokuwa sizihitaji, na mwezi wa pili mama yule akakubali kwamba nyanya zilikuwa zake tangu zamani. Baadaye wakanipa jina la Mama Bei. Jina langu halisi ni Mwamvita, ila sokoni wanaolijua ni wale tu walioniuzia kwa mkopo.

Somo jingine la mzee lilikuwa mizani. Niliwahi kurudi ofisini nikijisifu kwamba mkate haujapanda. Akautazama mkate niliokuja nao, akaupima kiganjani, akasema, "Ni kweli, bei haijapanda. Mkate ndio umeshuka." Tangu siku hiyo nilitembea na mizani ya mkono, kwa sababu fungu la nyanya lina tabia ya kukonda huku bei yake ikibaki na afya. Kishikwambi chenu, nimeambiwa, ukiingiza bei ya ajabu kinakuuliza kama una uhakika. Mzee Kapaya naye alikuwa akiuliza hivyo. Tofauti ni kwamba yeye akishauliza, alikurudisha sokoni kwa miguu.

Kisha ikaja redio. Hapo jiandaeni. Redio ikisema mfumuko wa bei umeshuka, mtu anachukua kikapu anakwenda sokoni akitegemea unga wa bei ya chini, anakuta umepanda tena. Atakayemtafuta ni nani? Makao makuu yako mbali. Mama Bei yuko hapo, anapima vitunguu.

"Eti mna kikapu cha bidhaa," muuza dagaa aliniambia siku moja, kwa sauti ya kusikiwa na meza zote. "Hebu tuelekeze mnakinunulia soko gani, na sisi tukahemee huko."

Watu walicheka wiki nzima. Nilieleza mpaka koo likakauka: mfumuko kushuka maana yake bei zinapanda polepole kuliko zilivyokuwa zinapanda. Lori lilikuwa linapanda kilima kwa kasi, sasa limepunguza mwendo, lakini bado linapanda. Muuza dagaa akasikiliza kwa makini sana, kisha akauliza, "Na sisi tumo ndani ya lori au tunalisukuma?" Nikanunua dagaa wa kutosha, nikahamia meza nyingine.

Lakini niliotaka kuwasimulia hasa ni Ramadhani na mkewe. Majina yao nimeyabadilisha, na wenyewe wameniruhusu nisimulie, maana tuliapa kutunza siri za watu na mimi siwezi kuanza uropokaji uzeeni. Mke aliweka sharti moja tu, kwamba niwaambie karanga zake hazina mawe. Vijana, karanga zake hazina mawe.

Ramadhani alikuwa muuzaji katika duka la Bwana Nassor, pale mwanzo wa Ng'ambo. Hilo jina la Nassor nalo nimelibadilisha. Nassor ni Mwarabu wa hapa hapa, wa ukoo uliofika na misafara, na kila mwezi alinikumbusha. "Babu yangu aliuza nguo hapa kabla ya reli," alikuwa akisema huku akinimiminia kahawa, "na wallahi hakuna aliyekuja kumuuliza kila mwezi shuka ni kiasi gani." Nilimjibu kwamba babu yake alikuwa na bahati. Lakini kahawa yake nilikunywa, na bei zake aliyenipa alikuwa Ramadhani, bila hata kugeuka kutazama rafu. Ramadhani alijua nani anakunywa chai ya tangawizi, nani ana mgonjwa wa sukari, nani atalipa Ijumaa na nani anasema tu atalipa Ijumaa. Kila siku alivaa shati lililopigwa pasi, mikono imekunjwa mara moja.

Mwezi mmoja nikaingia nikamkuta Nassor mwenyewe juu ya ngazi, anatafuta viberiti kwenye rafu ya dawa za mswaki.

"Ramadhani yuko wapi?"

"Amepumzika."

"Anaumwa?"

"Amepumzika tu, Bi Mwamvita. Andika bei."

Nikaandika. Sukari ile ile. Mafuta yale yale. Sabuni haijaguswa. Maduka yote ya jirani yalikuwa yamepandisha, na Nassor akashuka kwenye ngazi akasimama kifua mbele. "Umeona? Wote wamepandisha. Mimi sijapandisha!" Nikampongeza. Nilimwambia kabisa kwamba wafanyabiashara wangekuwa kama yeye, redio isingekuwa na habari mbaya.

Nje ya duka, kijana wa mkokoteni akaniambia kwamba Ramadhani ameachishwa, biashara ni ngumu. Nikasimama pale na karatasi yangu safi. Bei ilikuwa haijapanda kwa sababu mshahara wa mtu ulikuwa umeshushwa mpaka sifuri. Kwenye safu yangu ya bei, hilo lilisomeka kama habari njema.

Haikupita muda mrefu, ukaja utafiti wa ajira. Kaya za kuhojiwa zinachaguliwa huko huko juu, kwa bahati nasibu, wewe unaletewa tu. Mimi nikapangiwa Itetemia, kule mji unapoishia na mashamba yanapoanza. Jioni moja nikapiga hodi kwenye nyumba ya bati yenye uwanja uliofagiliwa, nikakaribishwa na mama mnene kidogo, mchangamfu, ungo wa karanga mapajani. Nikajitambulisha, nikaonyesha kitambulisho, nikamwambia majibu yote ni siri.

"Siri gani tena tuliyo nayo sisi," akacheka. "Mimi ni Mama Hadija. Kaa, baba Hadija anarudi kutoka kazini sasa hivi."

Nikakaa. Baba Hadija akaingia akisukuma baiskeli, shati limepigwa pasi, mikono imekunjwa mara moja. Alikuwa Ramadhani.

Aliponiona alisimama kama amekanyaga msumari. Kisha akaegemeza baiskeli ukutani taratibu, akaja kunipa mkono.

"Habari za kazi, dada Mwamvita?"

"Njema, kaka Ramadhani. Za kwako?"

Nilipomaliza kuuliza ndipo nikasikia nilichouliza.

"Za kazi njema tu," akajibu.

Vijana, mtafundishwa kwamba maswali yasomwe kama yalivyoandikwa, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Nikasoma kama yalivyoandikwa. Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja tu?

"Ndiyo."

"Kazi gani?"

"Si unanijua, dada. Niko dukani kwa Nassor."

Alinitazama usoni alipokuwa anasema hivyo. Nimeombwa vitu vingi katika kazi hii, maji, nauli, ajira, mara moja hata uchumba, lakini sijawahi kuombwa kitu kwa macho namna ile. Nikainamisha kichwa nikaandika kwa penseli.

"Na uandike na hili," Mama Hadija akadakia. "Huyo Nassor halipi kwa wakati! Mume wangu anakwenda kila siku, jua na mvua, halafu analetewa vipande vipande kama sadaka. Serikali ijue."

"Hakuna mahali pa kuandika hilo, mama."

"Basi andika pembeni."

Ramadhani alikuwa anafuta matope kwenye tairi la baiskeli, tairi ambalo halikuwa na matope.

Nikamgeukia mama. Katika siku saba zilizopita, wewe ulifanya kazi yoyote ya malipo au biashara, hata kwa saa moja tu?

"Mimi? Mimi sifanyi kazi. Niko nyumbani tu."

Jibu hilo mtalisikia mpaka mliote usingizini. Msiliandike upesi. Nyuma yake palikuwa na sufuria ambayo ningeweza kuogea ndani yake, imejaa viazi vitamu vilivyochemshwa, na juu ya kichanja matobolwa yalikuwa yameanikwa, vile viazi vyetu vinavyochemshwa vikakaushwa juani. Kando palikuwa na gunia la karanga, na kapu la karanga zilizokaangwa tayari, zimefungwa kwenye vifuko.

"Hizi karanga ni za kula?"

"Za kuuza."

"Anauza nani?"

"Mimi."

"Na matobolwa?"

"Hayo nawapelekea akina mama wanaouza stesheni. Wasafiri wa Kigoma wanayapenda."

"Karanga zimelimwa na nani?"

"Nimekodi shamba kule bondeni. Nimelima mimi, nani mwingine? Baba Hadija yuko kazini."

"Mama, unaamka wakati gani?"

"Kabla ya adhana."

"Na hufanyi kazi."

"Sifanyi!" Alishangaa kwamba sielewi. "Kazi ni ya baba Hadija. Mimi hivi ni vitu vyangu vidogo vidogo tu. Kwanza muhula huu nisingekuwa navyo, sare za Hadija zingenunuliwa na nini? Na bati la jikoni? Na ile dawa ya..."

 Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anayataja yote kwa mfululizo, na mumewe anayasikia yote kwa mfululizo. Ramadhani alikuwa ameacha kufuta tairi.

Nilifunga dodoso nikaaga. Ramadhani akasema ananisindikiza. Tukatembea mpaka kwenye kona ambako nyumba haionekani, akasimama.

"Dada, unajua."

"Najua nini?"

"Usinitese. Kila mwezi unaingia pale dukani."

"Ninayoyajua ya dukani ni siri ya dukani," nikamwambia. "Hapa naandika unachoniambia wewe."

"Umeshaandika?"

"Kwa penseli."

 Akanieleza kwamba tangu mvua za kwanza anaondoka asubuhi kama kawaida, anakwenda stesheni. Treni ikiingia anabeba mizigo ya watu. Isipoingia anakwenda kwenye mashine za kukoboa mpunga, akipata magunia ya kupakia anapakia. Anachopata analeta nyumbani, anasema ni mshahara wa vipande.

"Wiki hii ulipata?"

"Juzi nilipakia magunia. Asubuhi tu."

"Ulilipwa?"

"Nililipwa."

"Ilizidi saa moja?"

"Ilizidi."

"Basi hongera, kaka. Kitaifa wewe umeajiriwa."

Alinikodolea macho, halafu akacheka. Alicheka mpaka akaushika mti wa uzio. Nami nikacheka, maana ni kweli tupu: tafsiri ya ajira tuliyokuwa tunaitumia ilisema hivyo, wataalamu wa dunia nzima wamekubaliana, na Ramadhani wa Itetemia alikuwa mmoja wa watu wenye ajira nchini. Kisha kicheko chake kikakatika ghafla.

"Kila jioni nasema leo namwambia," akasema. "Naingia, nakuta amechoka, mikono imejaa moshi, nasema kesho. Sasa leo nimemsikia anahesabu vile vitu vyake. Dada, rudi ukaniulize tena."

"Nikuulize nini?"

"Lile swali. Mbele yake. Mtu akiniuliza nitajibu. Mwenyewe siwezi kuanza."

Kwenye mafunzo tuliambiwa turudie swali pale jibu linapokuwa halieleweki. Jibu la Ramadhani nilikuwa nimelielewa vizuri sana. Nikarudi hata hivyo, nikiogopa kama mimi ndiye niliyeachishwa. Kama yule mama angechukua mwiko akatufukuza wote wawili, au akafunga virago akarudi kwao, ningeandika nini kwenye sehemu ya maoni ya mdadisi?

"Umesahau kitu, dada?" Mama Hadija akauliza.

"Kuna swali moja halikukaa sawa." Nikafungua dodoso, nikasoma neno kwa neno. Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi gani?

Ramadhani alisimama wima, mikono ubavuni, kama yuko mbele ya mwalimu.

"Siko tena dukani. Nassor aliniachisha. Nabeba mizigo stesheni."

Kuku akapanda kwenye ungo akaanza kudonoa karanga, na hakuna aliyemfukuza.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Tangu mvua za kwanza."

Akahesabu siku kimoyomoyo. Niliona midomo yake inatembea.

"Na shati?" akasema hatimaye. "Kila asubuhi nakupigia pasi shati la kwenda kubeba magunia?"

"Ndiyo, mama Hadija."

"Kwa mkaa?"

"Kwa mkaa."

"Mkaa wangu!" Akasimama, karanga zikamwagika, kuku akapiga kelele. "Mkaa wangu wote huo! Dada, si wewe ndiye wa bei? Hebu mwambie gunia la mkaa ni kiasi gani sasa hivi!"

Nikamwambia. Nilikuwa nimeichukua bei yake wiki ile ile. Ramadhani akainamisha kichwa kama hukumu imesomwa.

"Na mimi nimemlaani Nassor wa watu kila jioni kwamba hakulipi! Kumbe nimembebea dhambi bure!"

"Huyo endelea tu kumlaani," Ramadhani akasema kwa sauti ndogo. "Ndiye aliyenifukuza."

Hapo mama yule akatazama pembeni, na nikaona kwamba alikuwa anazuia kicheko na kilio kwa pamoja, na havikuwa vinazuilika. Akaingia ndani. Tukasikia vyombo. Akatoka na sahani ya ugali na mlenda wa karanga, akaiweka mbele ya mumewe kwa kishindo.

"Kula. Unabeba magunia na tumbo tupu? Unataka kufa nisijue hata umefia wapi?"

Halafu akanigeukia. "Na wewe dada, nawa mikono. Hilo dodoso liweke mbali lisiingie mlenda."

Lile dodoso nilifuta na kuandika upya pale pale. Mume, kibarua. Mke, mkulima na mfanyabiashara, amejiajiri. Alipoona nimeandika hivyo aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Ofisini msimamizi wangu alilishika kwenye mwanga, akauliza mbona kaya hii imefutwafutwa namna hii. Nikamwambia walibadilisha kazi nikiwa kwao. Akaniambia niache mzaha, akapiga muhuri.

Asubuhi iliyofuata, kama walivyonisimulia baadaye, Ramadhani alijiandaa kuondoka akiwa na fulana. Mkewe akamfungia makapu mawili ya matobolwa na karanga nyuma ya baiskeli. Kama unakwenda stesheni na baiskeli ina nafasi, kwa nini wale akina mama wachukue faida? Ramadhani alikuwa ameuza dukani miaka mingi. Hakuwapigia wasafiri kelele, aliwauliza wanakwenda wapi na nani anawasubiri. Makapu yakawa yanarudi matupu. Msimu uliofuata wakakodi shamba kubwa zaidi.

Mimi sikumwambia Nassor kitu, na kila mwezi niliendelea kuandika bei zake. Alikuwa anahangaika. Wateja waliokuwa wanalipa Ijumaa aliwanyima mkopo, na waliokuwa wanasema tu watalipa Ijumaa akawapa. Mavuno ya mpunga na tumbaku yalipoingia, watu wakawa na hela, duka likajaa, na Nassor akawa bado anatafuta viberiti.

Siku moja nilikuwa Itetemia kununua karanga za nyumbani kwangu, hakuna utafiti wala nini, nikasikia gari. Nassor akashuka na kanzu yake nyeupe, akapiga hodi, Ramadhani akamkaribisha mkekani. Nilitaka kuondoka, Mama Hadija akanishika gauni.

Walisalimiana kwa urefu, kama watu wasio na neno. Nassor akauliza watoto, akasifu kichanja, akaonja karanga. Kisha akamwambia Ramadhani, "Rudi dukani. Nafasi yako ipo. Nilikosa la kufanya wakati ule, unaijua biashara. Mshahara ule ule, sikupunguzii hata senti."

Ramadhani alifungua mdomo, na niliona kabisa kwamba ndani yake mlikuwa na ndiyo. Mkewe akatangulia.

"Ule ule wa lini, Bwana Nassor?"

"Ule aliokuwa anapata."

"Alipokuwa anapata ule, unga tulikuwa tunanunua mfuko mzima. Sasa kwa hela ile ile unabeba mfuko mdogo. Mchele umepanda. Mkaa, usinikumbushe mkaa. Nauli ya kumpeleka mtoto hospitali imepanda. Kwa hiyo huo si ule ule. Jina tu ndilo lile lile."

"Mama Hadija," Nassor akasema kwa upole, "redio imetangaza mfumuko umeshuka. Si ndivyo, Bi Mwamvita?"

Wote watatu wakanitazama. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nikieleza jambo lile kwa watu wanaocheka, na leo nilikuwa naulizwa na watu wanaosubiri jibu.

"Kilichoshuka ni mwendo," nikasema. "Bei ziko huko huko juu zilikofika. Mama hajakosea."

Nassor akakuna ndevu. Alikuwa mfanyabiashara, na hesabu ilikuwa imekaa sawa, hakuibishia. Akaongeza kidogo. Mama Hadija akatikisa kichwa. Akaongeza tena. Akatikisa tena, halafu akasema, huku akipepeta karanga kana kwamba jambo lenyewe halimhusu sana, "Mpe ule ule wa zamani. Lakini aje asubuhi tu, mpaka adhuhuri. Mchana ana kazi kwangu."

"Nusu siku kwa mshahara mzima?" Nassor akasimama nusu.

"Asubuhi ndiyo wateja wako wanajaa. Mchana unalala, kila mtu anajua."

 Nassor alimtazama mama yule, akanitazama mimi, akautazama uwanja na makapu yake. Kisha akakaa tena akaomba maji ya kunywa.

"Wallahi," akasema akimaliza kunywa, "nikikuleta wewe dukani, Ng'ambo nzima watafunga maduka nibaki mimi peke yangu. Haya. Aanze Jumamosi. Na karanga hizi uniletee, nitaziweka mbele."

Wakapeana mikono. Wanaume wakainuka, Ramadhani akamsindikiza mwenzake garini, na tulisikia wanaanza kuzungumza habari za wateja wa zamani, nani amehama na nani amefariki.

Mama Hadija hakuinuka. Nilimgeukia nimpongeze, nikaona bado anapepeta ungo mapajani, ilhali karanga zote zimeshamwagikia mkekani. 

"Nimeogopa, dada," akasema. "Angeinuka akaenda je?"

"Hakuenda."

"Najua. Lakini angekwenda je? Mume wangu anataka kurudi dukani kwake tangu siku ile. Usiku anaota anapima sukari."

Sikuwa na dodoso siku hiyo, na sikumuuliza kitu kingine. Nikausogeza ungo chini, nikakaa karibu naye kwenye mkeka, nikamshika ile mikono mpaka ikatulia.